Kompyuta ya XP dukani kwa babangu yapiga skrini ya buluu kila alasiri. Tuitupe, au yaweza kulindwa?

#1 Darizi_Mvita
Salaam kwenu. Swali langu lina mkia mrefu, mnivumilie.

Babangu ana duka la darizi nyuma ya Mwembe Tayari. Beji za shule, kola za kanzu, nguo za wafanyakazi wa hoteli. Mashine ni ya vichwa sita, tuliinunua mtumba, ikaja na kompyuta yake: Pentium 4, ramu megabaiti 512, diski gigabaiti 40, Windows XP. Programu ya kuchorea mapambo haifunguki mpaka kile kidude cha ufunguo kiwe kimechomekwa kwenye tundu refu la printa za zamani. Waliotuuzia hawapo tena. Toleo jipya la programu niliuliza bei, nikarudi nyumbani kimya.

Tangu 2006 kompyuta hii haikuonja mtandao hata siku moja. Michoro ilikuwa yaenda kwa flashi. Miezi miwili iliyopita mdogo wangu akashirikiana na jirani wa duka la simu, wakaweka ruta moja, akavuta waya mpaka kwa XP ili tuwe twarusha faili kutoka kwa laptopu. Tangu hapo, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, skrini yageuka buluu, maandishi meupe, kisha yajiwasha upya. Si kila siku kwa hakika, lakini wiki haipiti bila mara tatu nne. Na kwa kuwa mashine yalishwa mchoro moja kwa moja na kompyuta, sindano zasimama katikati ya beji na nguo ndiyo hiyo imeharibika.

Mdogo wangu asema ni virusi. Baba asema ni huo waya wenu. Fundi mmoja asema tupeni. Je, XP yaweza kutumika kwa usalama zama hizi, au twajidanganya?

#2 KijanaTudor
Tupeni. Microsoft waliiacha XP tarehe 8 Aprili 2014. Kila ufa uliogunduliwa tangu siku hiyo uko wazi, isipokuwa michache waliyoiziba kwa dharura. Kuiweka mtandaoni leo ni kufungua duka saa nane usiku na kwenda zako kulala.

#3 Fundi_Makupa
@KijanaTudor wewe dawa yako ni moja tu, kutupa. Vichwa sita vya darizi utawanunulia wewe?

Darizi_Mvita, kabla hawajakuzika: ile skrini ina namba, yaanza na 0x. Ipige picha. Halafu fungua ubavu wa boksi utazame kapasita, vile vipipa vidogo karibu na prosesa. Vichwa vyake vyatakiwa viwe bapa. Ukivikuta vimevimba kama mahamri, umempata mchawi wako. Bodi nyingi za miaka ya mwanzo wa 2000 zilitoka kiwandani na kapasita mbovu, dunia nzima, si zetu tu. Ongeza na upepo wa chumvi wa hapa Mombasa.

#4 Kachri_Moto
Pentium 4 ni mzee sasa. Mzee akishakula wali wake wa mchana hulala. Mwacheni apumzike, saa kumi ataamka mwenyewe.

#5 Nahodha_Waya
Mimi naungana na mdogo wako, na nitaeleza kwa nini.

Tarehe 12 Mei 2017 kulitokea WannaCry. Kirusi kile hakikungoja mtu abonyeze kitu. Kilipita mlango 445, ule wa kushirikisha faili, kwa ufa wa itifaki ya kizamani iitwayo SMB toleo la 1. XP haijui SMB nyingine ila hiyo. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: waliokijaribu kirusi hicho juu ya XP waliona kwamba mara nyingi faili hazikufungwa. Mashine ilikuwa yaanguka tu, skrini ya buluu, yajiwasha.

Haya, rudi usome #1. Ruta ya pamoja na jirani. Kushirikisha faili. Skrini ya buluu. Na jirani ni duka la simu, yuwachomeka vitu vya watu kutwa. Kirusi kile hakikufa, chaendelea kuzungukazunguka kwenye mashine zilizosahauliwa. Yamkini saa nane ndipo laptopu fulani huwashwa upande wa pili wa ukuta.

#6 KijanaTudor
Ndiyo hayo hayo niliyosema. XP ndiyo iliyoieneza WannaCry duniani.

#7 Nahodha_Waya
La, usichukue maneno yangu ukayapeleka usikotumwa. Waliopatikana wengi mno walikuwa Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado yaletewa masasisho. Kiraka, yaani sasisho la kuziba ufa ule, kilikuwa tayari tangu Machi 2017, miezi miwili kabla, watu hawakukiweka. Na XP, ingawa ilikuwa imeachwa miaka mitatu, ilipewa kiraka cha dharura baada ya mkasa. @Darizi_Mvita nenda kwenye orodha ya programu zilizowekwa, tia alama ionyeshe na masasisho, utafute namba ya kiraka hicho, KB4012598. Kama haipo, hamkuzibwa.

#8 Bi_Saiba
Nilikuwa na saiba Kongowea, mashine nane, zote XP. Nyinyi mwazungumza milango na itifaki, mimi nawaambia flashi.

Kabla nyaya za baharini hazijafika hapa Mombasa 2009, TEAMS na SEACOM, mtandao ulikuwa wa setilaiti, ghali na mzito. Kushusha masasisho ilikuwa kazi ya usiku kucha, na asubuhi wakuta imekatika ikiwa asilimia arubaini. Kwa hiyo hatukusasisha. Na bado virusi havikuja kwa mtandao. Vilikuja mfukoni mwa mwanafunzi aliyetaka kuchapisha barua ya kuomba kazi. Yuwachomeka, folda zake zote zimegeuka shotikati, yuwalia mbele yako. XP ilikuwa na tabia ya kuifungua flashi yenyewe hata kabla hujaigusa, na Microsoft waliikomesha tabia hiyo kwa sasisho la Februari 2011, wakati sisi tushaoga vyote.

Kilichotuokoa ni Deep Freeze. Waigandisha mashine ikiwa safi, na kila ukiizima na kuiwasha yarudi vile vile, kama hapakupita mtu. Antivairasi tulikuwa nayo, lakini ilikuwa kama maua ya plastiki kwenye meza ya sebule.

Kwa hiyo mwanangu usiseme "haikuonja mtandao, ilikuwa salama". Hizo flashi za michoro miaka yote zilikuwa zatoka wapi?

#9 Darizi_Mvita
@Bi_Saiba swali lako limenichoma. Zilikuwa za wateja. Mwalimu yuwaleta nembo ya shule kwa flashi yake, twachomeka.

#10 Bi_Saiba
Haya basi. Na bado mwatafuta mchawi kwa jirani.

#11 Mtoto_wa_Kilindini
Natoka nje ya mada kidogo. Mimi ni mtu wa kutoa makontena. Juni 2017, wiki chache baada ya hiyo WannaCry, kulikuja NotPetya. Kilianzia kwenye programu ya uhasibu ya Ukraine, kikaimeza kampuni ya meli ya Maersk nzima. Kompyuta zao zinazotunza majina na nywila za wafanyakazi zilifutika dunia nzima, ikabaki moja tu, Ghana. Na ilipona kwa nini? Stima, yaani umeme, ilikuwa imepotea kirusi kilipopita. Ikabidi data ya ile moja isafirishwe mpaka Uingereza ndipo wakaanza kujijenga upya. Hasara waliikadiria dola milioni 200 hadi 300.

Tangu niliposoma habari ile, stima ikipotea simlaumu mtu.

#12 Kachri_Moto
Kumbe giza ni antivairasi. Basi sisi wa Kisauni tumelindwa kuliko Pentagon.

#13 Maalim_T
Kwanza, nawasikia mwasema kompyuta, kompyuta. Tarakilishi ipo, mwaionea haya gani?

Pili, dawa ya Darizi_Mvita ni nyepesi na haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, uandike anwani kwa mkono, na pale pa lango la kutokea upaache patupu. Mashine itaonana na laptopu yenu ndani ya duka, lakini haitajua njia ya kwenda nje. Mimi nimefanya hivyo kwa tarakilishi ya madrasa na mwaka wa tatu huu iko salama salmini.

#14 KijanaTudor
Maalim, kwenye sentensi yako moja umesema "kadi". Hilo ni neno la Kibajuni au la Kimvita?

#15 Nahodha_Waya
Maalim, ushauri mzuri lakini ni nusu. Ukiacha lango patupu, XP haitoki nje, kweli. Lakini aliyeko ndani ya ruta ile ile, yaani laptopu ya jirani, yuwamfikia bila hata kubisha hodi. Na kwa duka hili ndani ndiko kwenye hatari.

Bora ruta ndogo ya pili, ya kwenu peke yenu, XP na laptopu moja, isiunganishwe na mtandao wala na jirani. Au rudini kwa flashi, lakini flashi moja tu, ya duka, isiyotoka. Ya mteja isiguse XP abadan. Yafunguliwe kwenye laptopu kwanza, faili la mchoro lile la DST likopiwe peke yake, mengine yaachwe huko huko.

#16 Maalim_T
Nakubali nimesahau jirani. Nami nitakupa mfano wa hapa hapa. Ngomeni pale, Fort Jesus, ilizingirwa tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Kuta hazikubomolewa kwa mizinga. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi, mpaka waliobaki wakahesabika kwa vidole. Ukuta ulikuwa mzima.

@KijanaTudor neno ni la kukopa, nawe akili ukope.

#17 Zito_la_Bamburi
XP yangu mimi ilikuwa yapata masasisho mpaka Aprili 2019. Kuna mstari waongeza kwenye rejista ya Windows, lile daftari la mipangilio yake, yajifanya ni mashine ya kulipia ya supamaketi, Microsoft wayaleta bila kuuliza. Mwasema iliachwa 2014, si kweli.

#18 Nahodha_Waya
Ujanja huo ulikuwepo, na toleo lile la mashine za kulipia kweli lilihudumiwa mpaka Aprili 2019. Lakini yalikuwa masasisho ya kitu kingine, si ya XP yako kamili, na sasa hata hilo limeisha. Kiraka kilichobandikwa 2019 hakijui ya leo.

#19 Zito_la_Bamburi
Sawa, lakini ilifanya kazi. Na kama Darizi_Mvita yuwataka nimtazamie, awashe ile huduma ya kuitawala kwa mbali, anipe anwani, niingie kutoka hapa Bamburi.

#20 Nahodha_Waya
Usithubutu! Mlango 3389 huo. Mei 2019 ulipatikana ufa walioupa jina BlueKeep, kwenye XP, Vista na 7, mtu aingia bila nywila. Uliwatia hofu Microsoft mpaka wakatoa kiraka cha XP mara nyingine. Ukiona kampuni yamfukua maiti wake kumpaka dawa, ujue maradhi si madogo.

#21 Darizi_Mvita
Nimerudi na majibu.

Kapasita: mbili zimeinuka kidogo. Si mahamri, labda chapati.

KB4012598: haipo.

Namba ya skrini: nimepiga picha mbili, siku mbili tofauti. Moja ni 0x0000008E, nyingine 0x00000050.

#22 Fundi_Makupa
Nilijua. Namba zikibadilika badilika hivyo, mara nyingi ni ramu au moto wa umeme usiotulia. Ufa wa programu hupiga pale pale, namba ile ile. Na kapasita chapati leo, kesho hamri.

#23 Nahodha_Waya
Si lazima. Kirusi kikigonga kumbukumbu ya mfumo ovyo, namba yaweza kuwa yoyote. Kuna mstari mwingine kwenye skrini, wataja jina la faili lililohusika. Ukisoma srv.sys, hilo ni la kushirikisha faili, kesi imeisha. Lasemaje?

#24 Darizi_Mvita
Kwenye picha ya kwanza kidole changu kimeufunika mstari huo. Ya pili imetikisika.

#25 Kachri_Moto
Beji za shule mwazidarizi hivyo hivyo?

#26 Maabara_Changamwe
Nasoma huku nikicheka lakini yetu ni haya haya. Mashine ya kupimia damu imekuja na Windows 7 ndani yake. Windows 7 iliisha 14 Januari 2020. Aliyetuuzia amesema tukigusa chochote, dhamana imekufa. Tukibadilisha mfumo, mashine haipimi. Tukiacha, majina ya wagonjwa yamo humo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiulizi ni Windows gani. Tulichofanya ni kuitoa kwenye mtandao kabisa, majibu yachapishwa kwa karatasi na mtu yuwayaandika upya kwenye kompyuta nyingine. Kazi mara mbili. Lakini nalala.

#27 KijanaTudor
Na nyinyi mnaomcheka mwenye XP, Windows 10 nayo iliisha 14 Oktoba 2025. Wangapi hapa mwaandika kutoka kwa Windows 10 hivi sasa?

#28 Kachri_Moto
Uzi umekatika ghafla.

#29 Mama_Mtwapa
Samahani naingilia. Mimi yangu ni 7, kila tovuti nikifungua yasema cheti si halali, usiendelee. Shemeji yangu asema ni wadukuzi.

#30 Fundi_Makupa
Tazama tarehe pale pembeni. Ikisoma mwaka wa nyuma sana, ni betri ya bodi, ile ya mviringo CR2032. Ikifa, kompyuta ikizimwa yasahau siku, na vyeti vyote vyaonekana havijaanza.

#31 Nahodha_Waya
Au tarehe ni sawa, ila vyeti vya mizizi ndani yake, vile vinavyothibitisha vyeti vya tovuti, ni vya kale. Kuna kimoja kilichotumiwa na tovuti nyingi mno kiliisha 30 Septemba 2021, na mashine zisizosasishwa zikaanza kulalamika tangu siku hiyo. Firefox hubeba vyeti vyake yenyewe, ijaribu. Kwa Windows 7 toleo la mwisho la Firefox ni familia ya 115. Chrome yenyewe ilikomea 109.

#32 Mama_Mtwapa
Tarehe imesoma 2009. Nimeweka sawa, zafunguka! Lakini baadhi bado zakataa.

#33 Fundi_Makupa
Basi sote wawili tuna haki. Nunua betri, halafu mfungulie mama uzi wake jamani, hapa ni pa darizi.

#34 Mkonge_wa_Linux
Mbona hakuna aliyetaja Linux, mfumo wa kutumia badala ya Windows? Weka Mint, aina yake moja, ni bure, virusi vya Windows vyaipita kushoto.

#35 Darizi_Mvita
Ndugu, ramu ni 512. Na kidude cha ufunguo?

#36 Mkonge_wa_Linux
XP waiweka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya programu, juu ya kompyuta mpya.

#37 Fundi_Makupa
Nimejaribu hilo kwa mteja wa kukata stika, Ganjoni. XP ndani ya mashine pepe yawaka vizuri, yapendeza. Lakini tundu la printa la zamani kulipitisha mpaka ndani ni vita. Kompyuta mpya nyingi hata hilo tundu hazina. Tulihangaika siku nne, mteja akarudi kwa boksi lake. Kwa vidude vya USB mambo ni mepesi, hivi vya kale ni bahati yako.

Linux itumie kwa laptopu ya kupokelea flashi za wateja. Hapo ndipo mahali pake.

#38 Mzee_wa_Marikiti
Nimewasoma wote, wanangu, tangu juu mpaka hapa. Mwabishana kirusi, mwabishana kapasita. Hakuna aliyeuliza diski hino ya gigabaiti 40, ya 2006, yangojani? Mimi nilikuwa na duka la picha. Negativu za harusi tangu babangu nilizihifadhi, nikazitia kwenye kompyuta, nikajiona mjanja. Diski ikapiga kelele tak tak tak asubuhi moja. Kwisha. Hakuna mwizi, hakuna kirusi. Watu waja mpaka leo kuniuliza picha za mama zao.

Ile michoro ya beji ya babako iko wapi pengine, mbali na humo?

#39 Darizi_Mvita
Ami, haiko. Iko humo tu. Michoro ya tangu 2006.

#40 Fundi_Makupa
Astaghfirullah. Acha yote. Leo hii, kabla ya magharibi.

Chukua flashi yenye Clonezilla, programu ya kunakili diski. Kama Pentium hiyo haikubali kuwaka kwa flashi, tumia sidii. Piga taswira ya diski nzima, yaani nakala yake kamili, si michoro tu, diski yote na XP yake na madereva ya kidude, zile programu za kukiendesha, maana kuiweka upya programu ile bila waliowauzia hutaweza. Weka nakala kwa diski mbili za nje. Moja dukani, moja nyumbani. Kisha nitafutie diski nyingine ya IDE, ile ya waya mpana wa kizamani, au adapta ya kutumia kadi ya kumbukumbu, tuirudishe taswira humo tuone kama yawaka. Nakala ambayo hujaijaribu ni dua tu.

Na ukimaliza, mfanyie babako akaunti ya kawaida, asiingie kama msimamizi. XP huwafanya wote masultani tangu siku ya kwanza. Zipo programu za kale zinazokataa kufanya kazi bila usultani huo, ikiwa yenu ni hivyo basi iache, lakini jaribu.

#41 KijanaTudor
Hili nakubali, na mimi si wa kukubali ovyo. Hata mkiitupa, bila hiyo taswira hamna cha kuhamia nacho.

#42 Darizi_Mvita
Ripoti ya wiki. Taswira imepigwa, diski mbili, moja iko kabatini kwa mama pamoja na hati za nyumba. Waya wa mtandao nimeung'oa. Kiraka KB4012598 nimekipeleka kwa flashi safi. Vumbi nimelipuliza, lilitoka donge kama paka. Nimenunua na feni ya pembeni. Siku sita leo, hakuna buluu!

#43 Nahodha_Waya
Nilisema. Waya.

#44 Fundi_Makupa
Waya gani, feni! Joto la alasiri hapa, bati juu, vumbi ndani. Saa nane mpaka saa kumi, tangu mwanzo yajieleza yenyewe.

#45 Bi_Saiba
Umebadilisha mambo manne siku moja, sasa nani atajua lipi limeponya? Hebu niulize kitu ambacho hawa wanaume hawakuuliza. Alasiri dukani nani hupiga pasi?

#46 Darizi_Mvita
Mama. Akimaliza swala ya adhuhuri yuwaja, yuwapiga pasi nguo za hoteli mpaka alasiri. Pasi kubwa ya mvuke. Iko kwenye ekstensheni moja na kompyuta.

#47 Bi_Saiba
Wiki hii alikuja?

#48 Darizi_Mvita
Wiki hii yuko Malindi kwa harusi.

#49 Fundi_Makupa
Aaah! Pasi ikivuta, umeme washuka, kapasita chapati zashindwa kushikilia. Ndiyo hiyo.

#50 Nahodha_Waya
Pasi ile iko dukani tangu lini? Buluu ni ya miezi miwili.

#51 Darizi_Mvita
Pasi ina zaidi ya miaka kumi.

#52 Fundi_Makupa
Na kapasita zina karibu ishirini. Kizee hubeba ndoo kila siku mpaka siku moja akashindwa, ndoo ni ile ile. Nitakuja Jumamosi nizibadilishe, shilingi chache tu na risasi kidogo ya kulehemu.

#53 Darizi_Mvita
Leo saa tisa na dakika kumi imepiga tena. Waya haumo. Feni yazunguka. Mama bado yuko Malindi, pasi ni baridi. Safari hii kidole hakimo kwenye picha: imeandika parport.sys.

#54 Nahodha_Waya
Hilo ni dereva la tundu la printa. La kidude chenu cha ufunguo.

#55 Mkonge_wa_Linux
Kidude chenyewe kinakufa basi. Chumvi kwenye meno yake. Kitoe, kisugue kwa kifutio cha penseli na spiriti.

#56 Fundi_Makupa
Au ramu mbovu, hiyo huweza kumtaja faili yeyote asiye na hatia. Jumamosi nakuja na ramu, kapasita, na spiriti. Asiguse mtu mpaka nifike.

#57 Kachri_Moto
Mzee alala. Mimi nilishasema post ya nne.

#58 Mama_Mtwapa
Darizi_Mvita, ikipona, beji ishirini za madrasa mwafanya kwa ngapi?